Ukiwa Dodoma, uende baharini mwezi gani? Mwongozo kamili wa kuchagua msimu

Mwaka niliokosea, hesabu yangu ilionekana nzuri kabisa. Ilikuwa Aprili. Dodoma mvua ilikuwa inaaga, mtama umeanza kukomaa, asubuhi anga jeupe. Nikapiga simu Unguja, chumba nikakipata nusu ya bei. Nikajiona mjanja. Tukakaa siku tano, nne zikanyesha. Watoto walicheza karata barazani hadi karata zenyewe zikalegea kwa unyevu, na kijana wa pale hotelini alikuwa juu ya ngazi na ndoo ya chokaa. Nilipomuuliza mvua itakatika lini, akacheka. "Baba, masika haya. Mwezi huu wageni hawaji, ndiyo maana twapaka rangi."

Tangu hapo nimekwenda Pwani karibu kila mwezi wa mwaka, mara kwa likizo na mara kwa kazi. Utaratibu huu ndio ninaoufuata sasa kabla sijagusa hela.

Hatua ya kwanza: sahau anga la Dodoma

Sisi tuna msimu mmoja wa mvua. Unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, unakatika Aprili, na mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600. Pwani ya kaskazini, yaani Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam, Mafia, Unguja na Pemba, ina misimu miwili: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Aprili pekee Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 200. Theluthi nzima ya mvua yetu ya mwaka, ndani ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo kalenda hizi mbili hazilingani, na hapo ndipo wengi tunapoteleza. Januari hapa barabara za mitaa ni tope, watu wanapalilia, na hakuna anayewaza bahari. Kumbe ndio mwezi ambao Unguja jua linawaka na maji yametulia upande wa magharibi. Aprili na Mei hapa kumekauka na moyo unataka safari, kule wanapaka rangi. Novemba sisi tunaungua, vumbi hadi kwenye chai, na mtu anasema bora nikajipoze baharini. Akifika anakutana na vuli. Vuli ina nafuu lakini. Mara nyingi hupiga saa mbili au tatu kwa nguvu, jua likarudi. Masika yanaweza kukaa siku nzima, kesho tena, na keshokutwa.

Ukienda kusini zaidi, Lindi na Mtwara, mambo yanageuka: wao wana msimu mmoja kama sisi, Novemba hadi Aprili. Usiende Mikindani Januari kwa sababu tu umesikia Januari Zanzibar ni kukavu.

Na joto? Februari Dar es Salaam hufika nyuzi 32 au 33. Mtu wa Dodoma anasikia 32 anasema hiyo ni Novemba yetu, nimeizoea. Hujaizoea. Joto letu ni kavu, na usiku linashuka. La Pwani limebeba maji. Usiku wa Februari linabaki nyuzi 25 hivi, shuka linakuganda mwilini. Kuanzia Desemba hadi Machi lipia chumba chenye kiyoyozi, hasa mkiwa na mtoto mchanga au mzee. Kuanzia Juni hadi Septemba feni inatosha, na usiku mwingine hutaiwasha.

Hatua ya pili: uliza upepo

Mvua kila mtu anaiuliza. Upepo hauulizwi, na ndio unaoamua kama utaogelea au utakaa kuangalia mawimbi.

Pepo kubwa ni mbili. Kaskazi huvuma takribani Desemba hadi Machi, kusi huvuma Mei hadi Septemba. Ndizo zilizosukuma majahazi kutoka Uarabuni na India kuja kwetu na kuyarudisha, na hadi leo mvuvi akikwambia "kusi limeingia" amekupa habari ya bei ya samaki pia, kwa sababu vyombo vidogo haviendi mbali.

Juni, Julai na Agosti ni kipupwe. Hewa nzuri, mchana nyuzi 28 au 29, mvua chache. Hapo ndipo Wazungu wanapojaa, maana ni likizo yao. Lakini kusi limekomaa, na fukwe zinazotazama mashariki zinapokea upepo usoni: Paje, Jambiani na Bwejuu kule Unguja, na Kigamboni upande wa bahari kuu. Maji yanachafuka, majani ya bahari yanatupwa mchangani kwa marundo. Paje katika miezi hiyo ni sikukuu ya wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara. Kwa mama mwenye watoto wa miaka minne si mahali pa kustarehe. Miezi hiyo hiyo ukienda Kendwa, upande wa kaskazini-magharibi, kisiwa chenyewe kinakukinga na maji yanalala.

Kaskazi likivuma mambo yanabadilika. Nungwi, iliyo kwenye ncha ya kaskazini, inaanza kuchapwa upande wake wa mashariki, ilhali Kendwa bado iko salama kiasi. Ukinibana nitaje ufuko mmoja ambao hautakuangusha vibaya kwa mwezi wowote usio wa masika, nitasema Kendwa. Bei yake inajua hilo.

Katikati ya pepo hizi kuna kipindi ambacho upepo haujaamua, mabaharia wanakiita tangambili. Kile cha Machi na Aprili kinaliwa na masika. Kile cha baada ya kusi, kuanzia katikati ya Septemba hadi Oktoba, ndicho hazina: kusi linachoka, vuli haijaanza vizuri, maji yameanza kupata joto baada ya baridi ya Agosti, wakati ambapo hushuka hadi nyuzi 25 hivi. Maji yanakuwa kama kioo, unaona hadi chini. Kama una uhuru wa kuchagua mwezi wowote, soma sentensi hii mara mbili na ukaombe likizo: nusu ya pili ya Septemba hadi katikati ya Oktoba. Isitoshe zabibu za mavuno ya pili ndizo zinaingia sokoni Dodoma, na hakuna zawadi inayompendeza mwenyeji wa Pwani kama kilo mbili za zabibu zilizofika bila kupondeka.

Nafasi ya pili naipa Januari baada ya shule kufunguliwa, hadi mwishoni mwa Februari. Jua kali, maji ya vuguvugu, mvua ni nadra. Ila paka mafuta ya kukinga jua. Mwanzoni mwa Machi jua la mchana linapita juu kabisa ya utosi wa Dar es Salaam na Unguja, na weusi wetu hautuokoi kama tunavyojidanganya. Mabega yangu yalimenyuka wiki nzima.

Hatua ya tatu: tazama mwezi wa angani

Hii ndiyo hatua ambayo watu wa bara hatuijui kabisa, na inaharibu safari za siku mbili kuliko mvua.

Mara yangu ya kwanza Jambiani tulifika usiku, tukalala tukisikia mawimbi. Saa nne asubuhi tukatoka na taulo mabegani. Bahari haikuwepo. Mchanga mweupe, madimbwi, mistari ya vijiti vya mwani imesimama mikavu, na huko mbali, zaidi ya kilomita moja, mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba. Binti yangu akauliza bahari imeenda wapi. Kulikuwa na bibi mmoja anatoka kwenye shamba lake la mwani, gunia kichwani, linachuruzika maji hadi kwenye kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwataka kuoga?"

"Tulitaka. Maji yako wapi?"

"Bamvua hili. Ngojeni alasiri, yatakuja mpaka kwenye mnazi ule." Akaonyesha kwa kidevu, akaendelea na njia yake.

Saa kumi jioni maji yalikuwa kwenye shina la mnazi ule ule.

Mambo yanakwenda hivi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, maji yanajaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua, na kwenye pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, mvuto unapungua, wanasema maji mafu: yanajaa kidogo na kupwa kidogo.

Sasa uzuri wa kwetu ni kwamba saa zake zinarudi zile zile. Unguja na Dar es Salaam, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu inageuka: yanajaa karibu na saa nne asubuhi. Huhitaji programu ya simu. Kalenda ya Kiislamu iliyo ukutani kwa jirani yako inatosha, kwa kuwa miezi yake inafuata mwandamo. Tarehe 1 na 15, pamoja na siku mbili tatu za jirani, ni bamvua. Tarehe 7 na 8, au 22 na 23, ni maji mafu.

Tumia hivi. Unakwenda mashariki mwa Unguja na watoto wadogo, lenga maji mafu: wataoga asubuhi kabla jua halijawa kali, na bahari haitawakimbia mbali. Unataka kutembea hadi kwenye mwamba, kuona nyota za bahari na mashamba ya mwani, lenga bamvua, toka saa tatu asubuhi, geuka maji yanapoanza kurudi. Usichelewe kugeuka, yanaingia kwanza kwenye mifereji nyuma yako. Vaa yeboyebo, kwa sababu kule kuna viumbe vya miiba myeusi ambavyo kuvitoa mguuni ni kazi ya pini na machozi. Kendwa na Nungwi hatua hii haina uzito mkubwa, maji hayapwi mbali, na ndiyo sababu nyingine ya bei yao.

Mwezi unagusa hata sahani. Dagaa wa baharini huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina nguvu mwezi ukiwa mpevu. Wiki ya mwezi mpevu ukiambiwa dagaa hakuna, amini.

Hatua ya nne: weka kalenda yako juu ya hiyo

Dodoma ni mji wa serikali, na serikali ina masika yake. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Kama wewe au mwenzako mko Mtumba, kwenye ofisi za wizara, likizo ya Mei ni ndoto, na pengine ni heri, maana tumeona Mei ilivyo. Mlango unafunguka Julai. Basi chukua Julai ya kipupwe, ila chagua ufuko unaotazama magharibi, na fanya oda mapema kwa kuwa utagombea vyumba na watalii.

Wenye watoto shuleni mna Juni na Desemba, na kidogo zile wiki za katikati ya muhula. Juni ni bora kuliko Desemba, kwa maoni yangu. Wiki ya kwanza bado inaweza kuwa na mabaki ya masika na mbu wengi, kwa hiyo vuteni hadi katikati ya mwezi. Mbu wa Pwani si wa kupuuza kwa mtoto aliyekulia Dodoma. Ulizia chandarua kabla ya kuulizia kifungua kinywa. Desemba, kama hamna budi, nendeni mara shule zikifungwa na mrudi kabla ya tarehe 20. Kuanzia hapo hadi mwaka mpya bei hupanda kuliko wakati wowote, na vuli huwa haijamaliza kuaga.

Ukiwa unalenga Zanzibar, angalia Ramadhani. Mwaka 2026 inaangukia Februari na Machi, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mchana migahawa mingi ya mitaani imefungwa, na kula hadharani ni utovu wa adabu. Hoteli zinahudumia wageni wake. Usiku lakini! Baada ya futari Mji Mkongwe unaamka upya, na mimi ningeenda kwa hilo tu. Sikukuu ya Idi yenyewe ni habari nyingine: boti zinajaa.

Bei nitasema kifupi. Ghali ni Julai, Agosti na wiki mbili za mwisho wa Desemba. Rahisi ni Aprili na Mei, lakini hoteli kadhaa hufunga kabisa. Septemba, Oktoba, Novemba na Februari ni katikati, na hapo ndipo mazungumzo yanawezekana. Kila unapopiga simu uliza bei ya wakaazi, maana ile uliyoiona mtandaoni kwa dola mara nyingi si yako.

Hatua ya tano: linganisha msimu na mahali

Si lazima kila mtu avuke kwenda Unguja. Mwenye siku mbili tu, akae Dar es Salaam apande boti pale Kunduchi hadi Mbudya: ufuko wa kisiwa unaotazama bara umekingwa, unafaa hata kusi likivuma. Epuka kuogelea fukwe za katikati ya jiji siku chache baada ya mvua kubwa. Mto Msimbazi unaleta kila kitu.

Bagamoyo ni karibu zaidi kwa mwenye gari lake, kwa sababu ukitoka Dodoma unaweza kukunja Chalinze, ukapita Msata, ukaingia bila kuigusa foleni ya Dar. Ila Mto Ruvu unamwaga jirani, na wakati wa masika maji ya pale ni rangi ya chai ya maziwa. Msimu wake ni Julai hadi Oktoba, na hata hivyo ningeenda zaidi kwa ajili ya magofu ya Kaole na samaki wa jioni.

Mafia ni ya Oktoba hadi Februari. Ndipo papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyedhuru mtu, anapokuwa karibu na Kilindoni. Boti zinatoka Nyamisati, upande wa bara. Kusi likivuma sikushauri kivuko hicho kama tumbo lako ni la bara.

Nyangumi nao wanapita pwani yetu kati ya Julai na Novemba. Usipange safari kwa ajili yao pekee.

Hatua ya sita: wiki ya mwisho

Makao makuu ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, yako hapa hapa Dodoma, na wanachotoa ni bure. Kabla ya kila msimu hutangaza mwelekeo wa vuli au masika. Wakisema vuli itakuwa juu ya wastani, kama zile za 2019 na 2023, safari yako ya Novemba isogeze mbele, uende Februari. Siku tano kabla ya kuondoka, soma tahadhari zao za upepo na mawimbi. Msizipuuze. Mapema Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitua Mafia, na boti za Zanzibar zikasimamishwa. Waliokuwa kisiwani na tiketi ya kurudi siku hiyo walibaki kisiwani.

Kwa treni ya mwendokasi, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, unafika Dar es Salaam kwa saa tatu na nusu hadi nne hivi, na stesheni haiko mbali na bandari ya boti. Boti hadi Unguja ni kama saa mbili. Kinadharia unakunywa chai Dodoma na kula chakula cha jioni Forodhani. Mimi huacha nafasi ya angalau saa mbili na nusu kati ya treni na boti, tangu siku niliyoiangalia boti yangu ikitoka nikiwa nimesimama na mabegi kwenye foleni ya ukaguzi. Kila mtu mzima awe na kitambulisho. Kwenye miezi ya kusi chagua boti ya asubuhi, kwani upepo huongezeka mchana, na kaa chini, katikati kuelekea nyuma. Kurudi Dar ndiko kunakotikisa zaidi, maana mnaukabili upepo. Kula mkate mkavu na tangawizi. Biriani iache hadi mshuke.

Nunua tiketi ya treni ya kurudi siku ile ile unayonunua ya kwenda, hasa safari ikiangukia Jumapili au mwisho wa sikukuu, maana Dodoma nzima inarudi kazini usiku huo. Na kama ni Juni au Julai, masweta ya watoto yaweke juu kabisa ya begi. Mtapanda treni Dar mmevaa fulana, na saa nne usiku mlango utafunguka Dodoma kwenye baridi ya nyuzi 15.